Mwale upi ujifunze? Hadouken, Kamehameha na Proton Cannon kwenye mizani moja

Ukiingia kibanda cha gemu Manzese au Mbagala saa kumi na moja jioni, huikosi picha hii: mmoja karudi hadi ukingo wa kioo, kabana kitufe, anajaza nguvu huku akitamba, kisha anaachia mwale unaofunika tivii nzima. Mwenzake keshatoka njiani. Kapaa juu, anamshukia kisogoni, na mwale bado unamwagika kule kusikokuwa na mtu, kama bomba lililopasuka barabarani.

Ubishi unaofuata huwa ni mwale wa nani unaua zaidi. Kwa anayetaka kuchagua gemu ya kujifunza, ubishi huo haumsaidii, maana kila gemu ina hesabu zake za damu na huwezi kuzilinganisha. Kinacholinganishika ni gharama ya kukosea: mwale ukizuiwa au ukikwepwa, unabaki umekwama kwa muda gani, na una njia gani ya kujitoa? Hapo ndipo gemu hizi zinapoachana sana.

Kombora na mwale ni vitu viwili

Gemu nyingi za ngumi hukimbia fremu 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni milisekunde 16.7 hivi. Kila shambulio lina vipande vitatu. Maandalizi ni fremu za kabla ya kugusa, pale mhusika anapovuta mikono kiunoni. Makali ni fremu ambazo shambulio linaweza kuumiza. Marejeo ni fremu za kurudi wima, ambazo huwezi kuzuia wala kuruka. Mtu wa kawaida huona kitu na kubonyeza baada ya robo sekunde hivi, sawa na fremu 15. Mwale wenye maandalizi marefu kuliko hapo, mtu aliyekaa macho ataujibu kwa kuuona tu.

Kombora, kama Hadouken ya Ryu, likishatoka mkononi linajitegemea. Wewe unamaliza marejeo yako huku lenyewe linasafiri, na ukiwa mbali unaweza kutembea nyuma yake. Mpinzani anazuia kombora, anainua macho, tayari uko usoni pake. Kwa hiyo kombora la polepole mara nyingi ni la thamani kuliko la haraka, jambo ambalo wanaoanza hawaliamini hadi liwapate.

Mwale haufanyi hivyo. Umefungwa mikononi mwako kama mpira wa maji: unafika mwisho wa kioo karibu papo hapo na kupiga mara nyingi mfululizo, lakini muda wote unaomwagika umesimama palepale. Ukipigwa katikati, kwa kawaida unakatika. Ukipishwa, unasubiri uishe kwanza, ndipo marejeo yaanze. Kombora unalipanda mapema ili limzuie mtu asisogee. Mwale unautoa pale tu unapojua mtu yuko wapi na anafanya nini.

Kuna na kuganda kwa kioo. Supa, yaani shambulio kubwa la kulipia nguvu, inapoanza, picha husimama kidogo na sura ya mhusika kujaa kioo. Wengi hudhani ni mbwembwe. Katika gemu nyingi, supa ikiwa na fremu sifuri baada ya kuganda huko, aliyekuwa hajashika kizuizi kabla kioo hakijaganda hana la kufanya. Anautazama mwale unakuja na vidole vyake havina kazi. Ikiwa na fremu nyingi zaidi, ameshapewa taarifa, atazuia. Mwale wa aina ya kwanza hutumika kuadhibu. Wa pili umalizie nao kombo, yaani mapigo yaliyofungamana, usiurushe hewani ukiomba Mungu.

Street Fighter 6: mahali pa kujenga mkono

Gemu hii ilitoka Juni 2023, lakini amri ya Hadouken ni ile ile ya Street Fighter II ya mwaka 1991: chini, chini-mbele, mbele, ngumi. Robo duara. Hadouken ya kawaida haigharimu kitu. Ile iliyokolezwa, ya ngumi mbili, inakula baa mbili kati ya sita za Drive, akiba ya nguvu ya gemu hii. Tunasema baa za nguvu, hazina uhusiano na zile za Sinza.

Kitu cha kuukaribia mwale ni Shinku Hadouken, supa ya ngazi ya kwanza ya Ryu: robo duara mara mbili, kisha ngumi. Inapiga mara kadhaa, na ina maana kubwa hapa kwa sababu ya Drive Impact, lile pigo lenye rangi zilizorukaruka. Drive Impact huchukua fremu 26 kufika na hubeba mapigo mawili bila kuyumba. Hadouken ya pigo moja inamezwa, na wewe uliyeirusha kwa karibu unapigwa. Supa inaupasua ubebaji huo. Kwa hiyo ukimwona mtu kazoea kujibu makombora yako kwa Drive Impact, kaa na ngazi moja mkononi.

Supa hizi zina kiwango cha chini cha madhara hata kombo ikiwa ndefu: ngazi ya kwanza haishuki chini ya asilimia 30 ya nguvu yake, ya pili 40, ya tatu 50. Ndiyo maana watu huziweka mwishoni mwa kombo, pale ngumi za kawaida zimeshachakaa kwa kupunguzwa.

Udhaifu wake kwa mpenda miale ni kwamba miale yenyewe ni michache. Ni gemu ya makombora, nafasi na miguu. Ukija hapa kutafuta kioo kijae mwanga, utachoka.

Dragon Ball FighterZ: mwale wenye mlango wa kutokea

Hii ya Arc System Works ya mwaka 2018 ndiyo gemu ambayo mwale umefikiriwa kuliko zote tunazolinganisha, na ndiyo tunayoipa nafasi kubwa.

Kila mchezaji ana wahusika watatu na baa hadi saba za ki, yaani nguvu. Kwenye padi ya PlayStation, mpangilio wa kawaida ni mraba kwa pigo jepesi, pembetatu la kati, duara zito, na msalaba kwa nguvu. Goku wa Super Saiyan akipigiwa robo duara na msalaba anatoa Kamehameha ya kawaida, bila gharama. Robo duara na vitufe viwili kwa pamoja, mraba na pembetatu, inatoa Super Kamehameha kwa baa moja. Ukigeuza robo duara kuelekea nyuma na kubonyeza hivyo hivyo, unatoa supa ya baa tatu.

Sasa tazama kwa karibu kinachotokea mko ncha mbili za kioo. Mpinzani anapenda Super Dash, duara na msalaba pamoja, anakurukia kama mshale. Super Dash inapita katikati ya zile risasi ndogo za kitufe cha msalaba kana kwamba hazipo. Haipiti kwenye mwale. Kamehameha ya kawaida ikitoka wakati yeye ameshaanza kuruka, inamkuta hewani na kumwangusha. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kumfundisha adabu mtu wa Super Dash. Akishakuwa karibu, acha mwale, tumia chini na duara, pigo la kwenda juu ambalo kichwa chake hakishikiki na mashambulizi ya hewani.

Yeye akizuia Kamehameha hiyo, je? Hapa ndipo mlango ulipo. Mwale wa kawaida, ukigusa mwili au kizuizi, unaweza kukatishwa kwa Vanish: pembetatu na duara pamoja, baa moja. Unatoweka katikati ya mwale na kuibukia mgongoni pake kwa teke, na marejeo ya mwale yamefutika. Supa haina mlango huo. Super Kamehameha ikizuiwa, mpinzani anakuja taratibu, anachagua kombo anayoipenda, anakula karibu mhusika mzima. Njia pekee ni kumwita mwenzako wa timu atoe supa yake juu ya yako kwa kitufe cha msaidizi, nayo inakula baa nyingine na mara nyingi inahamisha tatizo tu.

Kosa jingine, na ndilo linaloangusha wengi waliokwisha jua amri: kutoa mwale mtu akiwa tayari hewani juu ya mstari wake. Haukugusa chochote, kwa hiyo Vanish ya kukuokoa haipo, maana ukatishaji unataka mwale uguse kwanza. Yeye anakushukia na Super Dash, wewe bado mikono imenyooka. Kabla ya kubonyeza, angalia miguu yake. Ikiwa imeshaacha ardhi na hajaanza Super Dash, subiri.

Msaidizi wa mwale nao ni wa kuhesabu. Goku akiwa benchi, kitufe kimoja kinamleta anamwaga Kamehameha na kuondoka, wewe ukitembea mbele chini ya ulinzi huo. Tangu mwanzoni mwa 2020 kila mhusika ana aina tatu za msaada za kuchagua, kwa hiyo hakikisha umechagua ule wenye mwale kabla mechi haijaanza. Hapo mwale unatenda kazi ya kombora, kwa sababu anayekwama ni msaidizi na si wewe.

Familia ya Marvel: mwale kama kisu cha nyuma

Ultimate Marvel vs. Capcom 3 (2011) na Marvel vs. Capcom 2 (2000) ni ndugu, ila tabia zao hazifanani.

Katika ya pili, mwale wa kujua ni mmoja: Hyper Viper Beam ya Cable, ikitolewa hewani. Amri ni robo duara unayoipitiliza hadi juu-mbele, kisha ngumi mbili mara tu miguu ikiacha ardhi. Ukibonyeza mapema sana inatoka ya chini, ambayo ina marejeo marefu. Ukichelewa, umeshapaa na umeonekana. Ikitoka vizuri, Cable anatua na marejeo yanaisha pale anapogusa ardhi, hivyo anaweza kurudia tena na tena, baa moja kila mara, na baa ni tano. Mtu akiita msaidizi ovyo mbele ya Cable mwenye baa tatu, amewatoa sadaka wawili kwa mkupuo.

Katika ya tatu, miale ina uimara. Kila kombora na kila mwale una pointi zake za kuvumilia, na vikigongana chenye pointi chache kinafutika, kingine kinaendelea. Kwa hiyo mwale mdogo wa msaidizi, kama Plasma Beam ya Doctor Doom, hautasimama mbele ya Proton Cannon ya Iron Man. Proton Cannon ni robo duara na vitufe viwili vya kushambulia, chini tu, hewani haitoki. Supa nyingi za miale huongezewa mapigo kwa kubonyezabonyeza vitufe wakati inatoka. Wanaoshikilia padi kwa utulivu hapo wanaacha damu mezani.

Kizuizi hapa hakikulindi kikamilifu: madhara madogo ya kupenya kizuizi yanaweza kuua. Mpinzani mwenye mstari mwembamba wa damu akizuia mwale mkubwa, anaweza kufa amezuia. Hapa kutoa supa ya mwale mtu akiwa amezuia ni uamuzi wa akili mara nyingine. Na asipokufa? Una X-Factor, vitufe vinne vya mashambulizi kwa pamoja, mara moja tu kwa mechi nzima. Inafuta marejeo yoyote, hata ya mwale uliozuiwa. Mpinzani naye akiwa ndani ya X-Factor yake, kizuizi chake hakipenyeki, kwa hiyo hesabu ya kumuua akiwa amezuia inakufa.

Tenkaichi 3 na Sparking! Zero: mwale wa uwanja mpana

Budokai Tenkaichi 3 ya PlayStation 2 (2007) ina wahusika 161 ukihesabu na mageuzi yao, na bado inapigwa mitaani kwa sababu mashine yake ni ya bei nafuu na amri zake hazina robo duara. Bana L2 kujaza ki, kisha L2 na pembetatu, mwale umetoka. L2, juu na pembetatu, umetoka mwingine. Ule wa mwisho kabisa unataka uwe kwenye hali ya nguvu ya juu, na ukishautoa hali hiyo imekwisha.

Urahisi huo una gharama mahali pengine. Unapojaza ki umesimama wima kama nguzo, na uwanja ni wa pande zote, hivyo mpinzani anaondoka kando kwa kitufe cha msalaba. Kurusha kutoka mbali kabisa ni kutupa ki. Mwale wa gemu hii una maana pale mtu ameshapigwa akaruka mbali na bado anabiringita. Mrushie hapo, kabla hajasimama sawa.

Miale miwili ikikutana uso kwa uso, mnaingia kwenye kusukumana, na anayezungusha vijiti vya padi haraka ndiye anayeshinda. Raha tupu kwa watazamaji. Kwa mwenye kibanda ni hasara: vijiti vinalegea, na baada ya muda mhusika anatembea mwenyewe hata usipogusa. Usishangae ukikuta karatasi ukutani inakataza.

Sparking! Zero ya Oktoba 2024 imeendeleza mtindo huo kwa wahusika 182 siku ya kutoka, lakini haikutoka kwa PS4. Kama kibanda chako kimeishia hapo, usiiweke kwenye hesabu.

Tekken 8 tunaitaja kwa sababu watu huuliza. Kazuya na Devil Jin wana miale ya usoni, inakwenda mstari mnyoofu, na gemu yenyewe ina hatua ya pembeni. Anayeijua anasogea hatua moja na kukurudishia. Usichague Tekken kwa ajili ya miale.

| Gemu | Mwale unatokaje | Unalipa nini | Ukizuiwa |
|---|---|---|---|
| Street Fighter 6 | Robo duara mara mbili na ngumi | Ngazi 1 ya supa kati ya 3 | Umeliwa |
| FighterZ, wa kawaida | Robo duara na msalaba | Hakuna | Vanish, baa 1 |
| FighterZ, supa | Robo duara na vitufe viwili | Baa 1 kati ya 7 | Supa ya mwenzako, au umeliwa |
| Ultimate Marvel 3 | Robo duara na vitufe viwili | Baa 1 kati ya 5 | Supa ya mwenzako, au X-Factor |
| Tenkaichi 3 | L2 na pembetatu | Ki | Damu inapungua kidogo, mnaendelea |

Vifaa vinachagua pia

Padi za kuigiza zinazouzwa Kariakoo zina ugonjwa mmoja: kona ya chini-mbele haishiki. Unapiga robo duara safi, gemu inasoma chini kisha mbele bila kona, unatoka na ngumi tupu. Jaribu kabla ya kulipa: ingia sehemu ya mazoezi, washa onyesho la vitufe, telezesha kidole polepole mara kumi kila upande. Kona ikikosekana hata mara mbili, irudishe. Ukikwama nayo, chukua Tenkaichi 3, au tumia Street Fighter 6 kwa mtindo wa Modern, ambako kombora ni kitufe kimoja na kupunguziwa asilimia 20 ya madhara.

Tivii kubwa iliyopangwa kwa ajili ya sinema huchelewesha picha. Milisekunde 50 za kuchelewa ni fremu tatu, na mwale uliokuwa ukijibika kwa macho haujibiki tena. Tafuta hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha.

Kwa wa intaneti: FighterZ ya PS5, Xbox Series na kompyuta ilipata mfumo wa kurudisha fremu (rollback), unaoficha ucheleweshaji wa mtandao, mwanzoni mwa 2024. Ya PS4 haikupata, kwa hiyo ukicheza na mtu wa mbali kila kitufe kinachelewa. Street Fighter 6 inao hata kwenye PS4. Marvel 2 unao ukiipata ndani ya mkusanyo uliotoka Septemba 2024, Marvel 3 hauna.

Basi uchukue ipi

Una PS4, padi nzima na mtu wa kucheza naye ana kwa ana: FighterZ, bila kusitasita. Anza na Goku wa Super Saiyan, mwale wa kawaida tu, na usiguse Super Kamehameha nje ya kombo kwa wiki mbili. Una PS4 lakini wapinzani wako wote wako mtandaoni: Street Fighter 6, na ukubali kwamba utarusha makombora kuliko miale. Marvel 3 ni ya mtu aliyekwisha zoea kuangalia wahusika wanne kwenye kioo kwa wakati mmoja. Mwingine itamtoa jasho bila faida. Tenkaichi 3 ichukue kama mnacheza wengi kwa kupokezana na nusu yenu hawajawahi kushika padi.

Robo duara ikikugeukia Shoryuken, ile ngumi ya kupaa ya Ryu, karibu kila mara umeianza ukiwa unatembea mbele: gemu imesoma mbele, chini, chini-mbele, na hiyo ni amri nyingine. Achia kijiti kirudi katikati kwanza, au anza ukiwa umechuchumaa. Ikitoka ngumi tupu kwenye padi nzima, umebonyeza kabla kidole hakijafika mbele. Piga ishirini kutoka kushoto, badili upande, piga ishirini kutoka kulia. Wengi huukuta upande wa kulia umelala kabisa.